Kipande Kilichobaki Kwenye Msumari

Nadège, wewe uliyenipigia simu Jumatatu, pamoja na wenzako wa chumba cha sauti: mmeniuliza niliifuaje, yaani niliisafishaje kwa kukata na kuunga, ile hotuba ya Mkuu. Mmesema mnaitumia kujifunzia. Mmeisikiliza na kaske masikioni mkitafuta mahali nilipokata, na hamkupaona. Mmesema pia kwamba redio inataka kuirusha tena, katika kipindi cha kumshukuru kwa kutuletea amani.

Nilikuambia nitakuandikia. Sikukuambia kwamba baada ya simu nilitoka nje nikapiga teke ndoo ya maji hadi ikapasuka.

Hii ni mara ya saba naandika. Zile sita nimezichoma, kwa sababu katika kila moja nilijikuta mtu mzuri kuliko nilivyo. Mnanijua: mimi ni yule ambaye alirudi kituoni mara tatu kuhakikisha mlango umefungwa, na mara ya tatu akajifungia funguo ndani. Nikikosea koma moja naanza ukurasa upya. Leo nikikosea nitaendelea hivyo hivyo.

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na saba. Chekeni. Sikio langu la kushoto linapiga filimbi kuanzia ninapoamka, na fundi wa sauti mwenye filimbi sikioni hana kazi ya kufanya. Sasa nalima mboga za lengalenga na mahindi kwenye kiwanja changu huku Annexe, pembezoni mwa mji. Lakini miaka kumi na sita nilikuwa nafua sauti za watu, na sikufundishwa shuleni. Nilianza na kompyuta iliyokuwa imetupwa, nikabofya kila kitu hadi nikajua kinafanya nini. Kila mwenye diploma alipoingia chumbani, nilijifanya natafuta waya chini ya meza ili asiniulize swali. Niliujua uvungu wa meza ile kuliko mtu yeyote mjini Lubumbashi.

Basi nianze na mnachokitaka. Kabla mgeni hajasema neno, rekodini kimya cha chumba, nusu dakika. Mwambieni mnajaribu mikro. Kila chumba kina kimya chake: cha sakristia kina mwangwi, cha ofisi kina mngurumo wa friji, na cha nyumba ya mtaa wa Ruashi kina malori ya mgodi kwa mbali. Ukikata neno la mtu bila kuziba tundu kwa kimya cha chumba kile kile, msikilizaji atashtuka hata kama hajui kwa nini. Pili, usikate katikati ya pumzi. Acha mtu avute pumzi, ndipo aseme. Asiyevuta pumzi hasikiki kama mtu. Tatu, kuziba upepo kwenye mikro, hakuna kitu kinachoshinda sponji ya godoro lililokwisha kulaliwa. Jipya ni gumu mno. Nilikata la kwangu pembeni, mwaka mzima nikalala mguu mmoja ukining'inia.

Hayo nilifundishwa na Papa Kalenga. Hamkumkuta. Alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli, na aliianza kazi hii enzi za utepe, ambapo ukitaka kuondoa neno unaukata utepe kwa wembe halafu unaunganisha ncha mbili kwa gundi. Ukutani nyuma ya kiti chake alikuwa amepigilia misumari safu mbili. Kila kipande alichokikata alikitundika, na karatasi ndogo yenye jina la msemaji. Maneno ya mapadri, ya wakuu wa mitaa, ya wachezaji mpira, yote yalining'inia pale.

Nilimwuliza kwa nini hatupi.

"Njo yake," alisema. "Ni masemo yake, si yangu. Siku moja akikuya kuilomba, nitamupatia nini? Wembe?"

"Na kama hakuye, Papa?"

"Atakuya mwingine."

Kompyuta zilipofika, misumari ilibaki mitupu, lakini mzee alinilazimisha kufungua faili na kuliita Musumari. Kila nilichokata kilikwenda humo. Niliona ni ukaidi wa uzee. Nilitii kwa sababu nilikuwa mwoga, si kwa sababu nilielewa.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa tangazo la matanga. Familia moja ilikuja kutangaza kifo cha baba yao, Papa Joseph. Msemaji alikuwa analia. Akataja jina, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema Papa Émile, mdogo wa marehemu, anaomba ndugu wote wakutane nyumbani. Mimi na usafi wangu! Niliona kile kimya ni kirefu mno, ni kibaya, nikakikata, na pamoja nacho nikabeba jina la Joseph na maneno mengine mawili matatu yaliyokuwa yamelowa machozi. Tangazo lilipotoka, aliyekufa alikuwa Papa Émile.

Kesho yake asubuhi alifika kituoni mwenyewe, na fimbo yake na kofia ya kanisani.

"Njo weye ulinizika?"

"Nisamehe, Papa."

"Niambie tu saa. Nilikufa saa ngapi? Bibi yangu analomba kujua, juu nilikula bukari ya mangaribi yote nikamaliza."

Papa Kalenga alicheka hadi akashika ukuta. Alipokwisha kucheka akafungua Musumari, akanisikilizisha kile kimya nilichokuwa nimekikata. Pale ndani mtoto wa marehemu alikuwa anajaribu kusema mara nne, anashindwa. "Ulisikia kelele," mzee aliniambia. "Mi nasikia muntu."

Nilipaswa kuacha kazi siku ile. Ningeacha, leo nisingekuwa na la kuwaandikia.

Sasa, Mkuu. Jina lake sitaliandika, wala jina la mji wa kando ya ziwa ambamo askari wetu walikuwa wamezingirwa. Vita vilikuwa mashariki, lakini kila mtaa wa Lubumbashi ulikuwa na mtoto huko. Mimi wakati ule nilipanga chumba Ruashi, kwenye uwanja wa Maman Odette, mjane aliyeuza makala, makaa ya kupikia, mbele ya mlango wake. Mwanawe wa mwisho, Héritier, alikuwa katika mji ule ule. Kabla hajaingia jeshini tulikuwa tukigombania ufunguo wa bafu kila asubuhi. Aliniita "Madame Mikro". Alikuwa na tabia ya kuimba faulo, nje ya noti, kwa makusudi nipate kuumwa kichwa.

Mkuu alikuja mjini kwetu kuzungumza na mama wa askari na askari wenyewe, kwa njia ya redio, kwa Kiswahili. Nilichaguliwa kurekodi kwa sababu nilikuwa mdogo na ninafunga mdomo. Ilikuwa asubuhi, katika sebule ya nyumba kubwa, mapazia yamefungwa. Niliweka mikro, nikarekodi kimya cha chumba. Nilikuwa nafikiri jambo moja tu: isiwe na kasoro.

Alisoma vizuri. Ana sauti nzito ya kutuliza watoto. Alipofika kwa askari wa ziwani alisimama, akamgeukia mshauri wake. Mikro ilikuwa wazi, wote tulijua iko wazi. Ndivyo tulivyofanya kazi siku zote: mkubwa anasimama, anauliza, anaanza tena, fundi anafua baadaye. Haya ndiyo yaliyosemwa, na nayaandika kama yalivyo kwenye kipande.

"Wale wa ziwani bado wako?"

"Maofisa tumeshawatoa, Mkuu. Askari wako."

"Na magari ya kuwasaidia?"

"Hakuna lililotoka. Lakini wakishikilia siku nne, tutakuwa tumemaliza kuzungumza na wale wa upande mwingine."

"Basi nitasema msaada uko njiani." Kisha akanigeukia, akatabasamu kama baba. "Binti, hii utaikata."

"Ndiyo, Mkuu," nilijibu. "Haitasikika."

Sekunde ishirini na saba. Akaendelea: watoto wangu wa kule ziwani, msitoke, msaada uko njiani.

Nilifua siku nzima. Nilichukua pumzi aliyoivuta mwanzoni mwa hotuba nikaiweka pale, nikaifunika kwa kimya cha chumba, nikaishusha kidogo mwishoni. Hiyo ndiyo siri mnayoitafuta, Nadège. Pumzi mnayoisikia kabla ya "watoto wangu" si ya pale. Aliivuta kabla ya kumsalimu gavana. Nilipoimaliza nilijisikia fahari. Sikuwaza askari. Niliwaza mshono.

Papa Kalenga alisikiliza kipande mara moja. Akavua kaske, akaiweka mezani polepole, akachukua kofia yake. "Uiweke ku musumari," alisema. Siku tatu hakurudi kazini.

Hotuba ilitoka jioni. Kesho yake kabla ya saa sita mchana nilikuwa naanika nguo pale uwanjani, simu ya Maman Odette ikalia. Alikuwa Héritier, kwa simu ya kuazima. Alikuwa anapiga kelele, kwa hiyo hata mimi nilisikia. Kulikuwa na mvuvi aliyekubali kuwavusha yeye na wenzake kumi kabla ya jua kuzama. Lakini walikuwa wamesikia redio. Wenzake wengine wanasema wangoje.

"Mama, tuvuke ao tubakie?"

Maman Odette alishika simu kifuani, akanigeukia. Nilikuwa mlangoni kwake, nimeshika shati lililolowa.

"Weye unafanyaka ku radio. Bale bantu ba kubasaidia, njo kweli beko mu njia?"

Nisomeni vizuri hapa. Nilikuwa najua. Nilikuwa mtu pekee katika Ruashi nzima aliyejua. Na nilimwogopa yule mshauri, niliwaogopa walinzi wa Mkuu walioandika jina langu kwenye daftari, na chini ya woga wote kulikuwa na kitu kidogo kichafu: sikutaka kazi yangu safi iharibike.

"Mkuu amesema mwenyewe, Mama," nilijibu.

Akarudisha simu sikioni. "Bakia, mwana. Mkuu amesema."

Mji ule ulianguka siku ya tano. Mazungumzo yalikuwa yamekwisha siku ya nne, kama walivyopanga. Mmoja wa wale waliovuka ziwa alifika Ruashi baadaye, akamwambia Maman Odette kwamba Héritier alifika hadi ukingoni mwa maji, mzigo mgongoni, akarudi. Alisema mama yake amemwambia abaki.

Sasa mnaniambia kwamba alituletea amani. Najua. Nimeona mabango. Nimesikia kwamba katika vita mtu aliye juu lazima achague nani wa kupoteza, na kwamba sisi wa chini hatuelewi. Sawa. Achague! Lakini aseme alichokichagua. Angewaambia: vijana, sina gari la kuwaletea, nahitaji siku nne zenu, mnanipa? Labda wangempa. Héritier huenda angebaki. Alikuwa mkaidi wa namna hiyo, alibaki bafuni nusu saa maji yakiwa yamekatika. Lakini hawakuombwa. Mkuu alichukua siku nne za watu zaidi ya mia moja kwa kuwadanganya, kisha akatia sahihi, akapigwa picha, akazeeka vizuri. Mama yake Héritier hana hata mahali pa kupeleka maua.

Na yule mjane anaamini ni yeye aliyemwua. Kila mwaka anaombesha misa, si ya mwanawe tu. Anaombesha Mungu amsamehe yeye kwa lile neno "bakia". Mimi nilikuwa nakwenda naye. Nilimshika mkono benchini. Nilimbebea mkoba wake. Miaka yote hiyo kipande kilikuwa kwenye faili, nimekihamisha kutoka kompyuta hadi kompyuta, kisha kwenye kadi ya simu. Kila nilipopanga kumwambia, nilijipa sababu: sentensi yangu ya kwanza bado haijakaa sawa.

Baada ya simu yako, Nadège, sababu ziliisha. Mkirusha ile hotuba tena, ataisikia akiwa amekaa kwenye makala yake. Ilibidi asikie kwanza yale mengine.

Na sasa ungamo baya kuliko yote. Kabla ya kwenda, nilikifungua kile kipande nikakifua. Nilikata sauti yangu. Nilikiacha kiishie kwa Mkuu akisema "Binti, hii utaikata", halafu kimya cha chumba, kilichozibwa vizuri sana. Nilijiambia nahifadhi ushahidi dhidi ya mwenye kosa. Katika simu nikawa na vipande viwili: kile safi na kile cha kweli.

Nilimkuta Jumatano asubuhi anapanga makala kwenye makopo. Nikamwambia nina kitu cha kumsikilizisha kutoka siku ya ile hotuba. Alijifuta mikono, akakaa. Nikampigia kile safi.

Alisikiliza kichwa kikiwa chini. Hakulia. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu alinyanyua mkono uliojaa vumbi jeusi, nikasimamisha.

"Anasema 'binti, utaikata'. Huyu binti njo weye?"

"Njo mimi, Mama."

"Na weye ulimujibia nini?"

Yeye hajawahi kushika kaske maishani mwake, na alikuwa amelisikia tundu la aina ambayo ninyi wenye mashine hamkuiona.

"Nauliza. Mukubwa anakuambia kintu, haukosi kumujibia. Ulisema nini?"

Nikampigia kile cha pili. Ndiyo, Mkuu. Haitasikika. Sauti yangu ni nyembamba pale, ina furaha. Nilikuwa nimeisahau ile furaha.

Mteja alikuja na beseni, Maman Odette akamwambia arudi baadaye. Kisha akaonyesha mlango wake kwa kidole.

"Ile siku nilikuuliza. Pale. Ulikuwa umesimama pale, na shati ya maji mu mikono."

"Najua, Mama."

"Hapana, haujui. Nilimuambia mwana wangu abakie, juu niliangalia sura yako kwanza. Kama sura yako ingesema kintu ingine, angevuka." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Na weye unakuyaka na mi ku misa. Unanishika mukono. Mi nalomba Mungu anisamehe, na weye unasema amina."

Nilianza kusema nisamehe, akanikatiza.

"Usilombe kintu apa. Bale ba radio batarusha ile masemo yake tena?"

"Beko na mupango."

"Basi bairushe yote. Na ya yule mushauri, na ya yeye, na ya yako. Na bale bengine bamama basikie kama kosa haikuwa yabo." Alisimama, akashika kopo la makala. "Na ku misa, usikuye tena. Nitaenda mi peke."

Niliondoka. Hakunisamehe, na msije mkaandika popote kwamba alinisamehe.

Papa Kalenga alisema kwamba kama mwenye maneno hakuja kuyaomba, atakuja mwingine. Amekuja. Kipande ni chake sasa, ameniambia kifanywe nini, na mimi siingii tena chumba cha sauti. Kwa hiyo kazi ni yenu. Pamoja na barua hii nimetuma hotuba nzima kama ilivyorekodiwa asubuhi ile, bila mkono wangu. Mkurugenzi wenu atasema haiwezekani. Huenda mtapoteza nafasi zenu, sitawadanganya. Nimedanganya watu vya kutosha. Mkiogopa, mwambieni Maman Odette kwamba mmeogopa, ana kwa ana, mlangoni kwake. Msimwache akae na redio anangoja.

Mkiamua kuirusha, msiifue. Acheni pale anaposimama pasikike, acheni kiti kinapolia, acheni pumzi mahali ilipovutwa. Na pale ninaposema "Ndiyo, Mkuu, haitasikika", msinikate.